Ziba Pua, Useme Mama

Shida yangu ilianza mwaka wa 1964, nikiwa na miaka minane, vita vilipofika kwetu upande wa Fizi, mashariki ya Kongo, na shule ikafungwa. Nilikuwa darasa la pili. Shule ilipofunguliwa tena, mimi nilikuwa na mtoto wa mtu mgongoni, nalea kwa chakula, na hakuna aliyenirudisha darasani. Kwa hiyo anayesoma haya ajue: kusoma nilijifunzia kwenye tepu ya kupimia nguo, na kuandika nilijifunza kwa kuandika vipimo vya watu. Kifua, kiuno, nyonga, urefu. Ukikosea namba moja, nguo haimkai mtu. Ndiyo maana naandika polepole na sipendi maneno ya kujazia.

Naruka mengi. Kuolewa, kufiwa, kuvuka mipaka ndani ya malori, kufika Johannesburg na cherehani moja ya kukanyaga. Hayo kila mtu wa kwetu anayo, na kila mtu anayasimulia kanisani akilia. Mimi nataka kuandika shida moja tu, ya mjukuu wangu, kwa sababu hiyo haikuletwa na vita wala serikali. Niliilea mwenyewe kwa masikio yangu.

Mwaka wa 2015 nilikuwa na chumba cha kulala mtaa wa La Rochelle na chumba cha kushonea Rosettenville, kwenye barabara kuu, kati ya Mreno muuza samaki na duka la simu. Ulikuwa mwaka ambao sisi wageni tulifunga milango saa tisa mchana kwa kuogopa kushambuliwa, tukiambiana kwa simu mtaa gani umetulia. Binti yangu, wa pekee aliyebaki hai, alikuwa msusi. Alipata kiti katika saluni ya Cape Town. Akaniletea mtoto wake wa kike, miaka mitatu, na mfuko mmoja wa nguo.

"Mama, ni miezi mitatu tu," akasema.

"Miezi ya nani?" nikamuuliza. "Ya Mungu au ya wasusi?"

Akacheka. Nami nikacheka. Ilikuwa ya wasusi.

Baba wa mtoto alikuwa ameshaondoka kabla ya hapo. Alisema anakwenda Durban kutazama mzigo. Durban ni mbali, lakini si mbali kiasi hicho. Sikumpenda tangu siku ya kwanza alipoingia kwangu na kukaa kwenye kiti changu cha kushonea bila kuuliza. Alipopotea nilisema jina lake lisitajwe tena, na binti yangu alitii.

Mtoto alikuja na mdomo wazi. Sisemi wazi kama mtu anayeshangaa. Ulikuwa wazi muda wote, akicheza, akitazama, akilala. Midomo imekauka na kupasuka pembeni, kidevu kimelowa, fulana imelowa kifuani. Mafua hayakuisha, majira ya baridi na ya joto. Mwezi wa nane, upepo unapoleta lile vumbi la njano kutoka kwenye vichuguu vya mchanga wa migodi, alikuwa akikoroma hata akiwa macho. Wateja walitania. Mama mmoja wa kanisani kwetu, mwenye ulimi mkali, aliingia na kitenge chake, akamtazama, akasema, "Maman, huyu wako anakamata nzi. Siku moja ndege ataingia humo atage."

"Akitaga nitakuuzia mayai," nikamjibu. Lakini iliniuma. Nilijivunia watu wangu kuwa wasafi, na huyu alikuwa wangu.

Nikampaka dawa ya kifua. Nikamfukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi. Nikamwambia, "Funga mdomo," asubuhi mara ishirini, mchana mara ishirini. Anaufunga, anahesabu kidogo, unafunguka tena. Nikaona ni ukaidi.

Sasa nifike kwenye lile jambo.

Juma lile la kwanza alipoletwa nilikuwa kwenye mashine, nashona sare za kwaya. Mtoto akaja, akanishika sketi, akasema, "Baba."

"Baba yako hayupo," nikamwambia.

"Baba."

"Amekwenda Durban. Ukimtaka, mfuate."

Akavuta sketi zaidi. "Baba! Baba!" Machozi, makamasi, yote pamoja. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi. Nikaona aibu. Mimi ndiye ninayempikia, ninayemwogesha, ninayembeba kutoka La Rochelle hadi dukani kila asubuhi na mgongo huu wa miaka hamsini na tisa, na yeye analilia mwanamume aliyeshindwa hata kumnunulia soksi. Iliendelea hivyo siku baada ya siku. Akianguka, baba. Akiona mbwa, baba. Akiamka, baba. Siku moja nikampiga kofi mkononi, nikamwambia neno hilo halisemwi katika nyumba hii. Sijivunii, wala sifichi.

Haikupita miezi miwili akaacha. Hakuita tena mtu yeyote. Akitaka kitu alikuja kimya na kuvuta kile kitambaa ninachoshona, mshono ukapinda. Nikamfokea kwa hilo pia.

Nilikuwa na faraja moja. Kwenye chakula, mtoto alinitanguliza. Nikiuliza, "Nani anataka uji?" anajibu, "Bibi." Nani anataka chai? "Bibi." Nani amechoka, twende nyumbani? "Bibi." Nikawaambia wateja: mnaona, huyu ana adabu za zamani, anajua mkubwa ndiye wa kwanza. Na kwa kuwa alisema bibi, nilikunywa ule uji mimi kwanza, nusu bakuli, yeye amesimama ananitazama na mdomo wake wazi. Kisha nampa kilichobaki. Karibu miaka mitatu nilifanya hivyo, nikijisikia nimependwa.

Kula kwenyewe kulikuwa vita. Nyama aliitafuna mdomo ukiwa wazi, kwa sauti, halafu akaisukuma shavuni na kuiacha humo. Fufu, ugali wetu wa muhogo, ilimkaba. Alikula kidogo, akapumua, akala, akapumua, kama mtu anayepanda mlima. Nikadhani anaudharau mkono wangu. Sombe yangu, mboga ya majani ya muhogo, watu walikuwa wanatoka mbali, Kensington, kuja kuila, na mtoto huyu anaitema! Alikuwa mwembamba, macho yamezungukwa na weusi kama mzee.

Nilifanya kosa jingine, na hili ni la fundi. Nilimshonea kitambaa cha kufungia kidevu. Kitambaa kizuri, cha pamba, nimekitia bitana laini, na vishikizo viwili utosini. Mchana mmoja alipolala juu ya mafurushi ya nguo nikamvalisha, mdomo ukafungika vizuri. Nikakaa kuitazama kazi yangu. Hakuchukua muda. Alifumbua macho yamemtoka, akakikwaruza kile kitambaa kwa kucha mpaka akajichubua shingo, na alipokipasua alivuta pumzi kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia mashine inapokwama. Nikakitupa. Nikakaa naye mlangoni, barabarani watu wanapita, na sikuwa na wa kumwambia nimefanya nini.

Kanisani walisema mtoto ana kifungo. Kifungo cha ububu, kutoka upande wa baba. Akina mama wakamzunguka, wakamwekea mikono, wakapaza sauti hadi mtoto akajikojolea. Mafua hayakutoka. Nikawaambia asanteni, sasa inatosha. Hawakufurahi. Waliacha kunipitia nyumbani Jumapili, na mimi si mtu wa kuwafuata watu.

Binti yangu alipiga simu kila Jumapili mwanzoni, halafu kila mwisho wa mwezi.

"Anasema nini, Mama? Mpe simu nimsikie."

Nampa. Mtoto anaishika simu, anapumua ndani yake. Mama yake anaongea peke yake, anaimba, anauliza. Huku ni pumzi tu.

"Mbona hasemi?"

"Amechoka," nasema. Nilikuwa nimechoka mimi.

Ikafika 2018. Mtoto akaingia shule, darasa la awali ambalo hapa wanaliita Gredi R. Mwezi wa pili mwalimu akaniita. Alikuwa msichana mpole, akaniita gogo, yaani bibi kwa Kizulu, akanipa kiti cha watoto, magoti yangu yakagusa kidevu. Alisema kwa Kiingereza, polepole, na kwa mikono. Mtoto haeleweki. Si kwa Kiingereza, si kwa Kizulu. Anasinzia mezani. Hasikii akiitwa. Kama hatabadilika hadi mwezi wa kumi na moja, hatapanda darasa la kwanza. Wataandika apelekwe shule maalumu, ya watoto wazito wa akili.

Nikasimama, kiti kikainuka nami kimeninasa nyuma. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, ambacho ni cha kuuzia nguo, kwamba katika ukoo wangu hakuna mzito. Nilitoka bila kuaga. Nikafika kwenye roboti, yaani taa za barabarani, zikawa kijani mara tatu na mimi nimesimama palepale nimemshika mtoto mkono. Kwa sababu nilijua shule kufungwa ni nini. Kwangu ilifungwa na bunduki. Kwake ilikuwa inafungwa kwa karatasi, na karatasi ni mbaya zaidi, inakufuata.

Mwezi uliofuata akaja mteja Mkenya. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, miwani, viatu vya kufungwa, anafundisha chuo kikuu. Alitaka gauni la arusi ya mdogo wake. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, kimekatwa mikia, lakini alikuwa na heshima. Nikawa nampima mabega. Mtoto alikuwa ametoka shule, amekaa juu ya furushi.

Akasema, "Bibi dataka baji."

Nikacheka. Nikamwambia mteja, "Unamsikia? Anasema bibi anataka maji. Kila kitu ni bibi kwanza."

Mteja hakucheka. Aligeuka, tepu yangu bado iko begani mwake. "Mama, si wewe anakuombea. Anajiombea yeye. Amesema, mimi nataka maji."

"Mimi nimesikia amesema bibi."

"Ziba pua."

"Nini?"

"Ziba pua yako, hivi, kabisa. Sasa sema mimi."

Kuna watu ukiwaambia hivyo watakukasirikia. Mimi nilitaka kumwonyesha kwamba amekosea. Nikabana pua kwa vidole viwili, nikasema mimi. Ikatoka bibi.

"Sema nataka."

"Dataka."

"Sema nyumba."

Sikumbuki ilitoka nini, jubba, kitu kama hicho. Tukacheka sasa wote wawili, hata mtoto. Akanieleza kwamba hiyo ndiyo kazi yake, anafundisha watu wanaotibu usemi. M na n ni sauti za kupitia puani, akasema. Pua ikifungwa, m inageuka b, n inageuka d. Mtoto huyu si mkaidi wala si mzito. Huenda ameota nyama nyuma ya pua, hewa haipiti, ndiyo sababu anapumua kwa mdomo. Na mdomo ukikaa wazi miaka, midomo inalegea, ulimi unalala chini na kusukuma meno, kutafuna kunakuwa taabu, hata usingizi si usingizi. Na masikio pia yanaweza kuziba.

"Enyewe, Mama, umeishi naye miaka mitatu na hakuna mtu amekuambia?"

"Waliniambia anakamata nzi," nikasema.

Akaandika barua ya kupeleka kliniki, akaenda zake. Mtoto akanywa maji, bilauri nzima, akalala. Nikarudi kwenye mashine. Nilikuwa nimeshona labda shubiri mbili za pindo. Sijui kwa nini mkono ulipanda wenyewe. Nikabana pua tena, dukani peke yangu, nikasema mama.

Ikatoka baba.

Nikasema tena. Baba. Nikaachia pua, nikasema mama. Nikabana. Baba.

Nilikumbuka sare za kwaya na wale wateja kwenye benchi. Duka zima huniita Mama. Mama, kitenge changu kiko tayari? Mama, nipunguzie kiuno. Mtoto wa miaka mitatu, aliyeachwa na mama yake kwa mwanamke asiyemjua, anasikia kutwa nzima watu wote wanavyomwita huyu mwanamke, akaamua na yeye kumwita hivyohivyo. Ameanguka, mama. Ameona mbwa, mama. Ameamka, mama. Na mimi nikampiga kofi. Tena kile nilichokihesabu kuwa mapenzi, yale ya bibi, hakikuwa changu hata kidogo. Alikuwa anasema ana njaa, na mimi nilikunywa uji wake.

Alipoamka nikamwambia, "Niite."

Akanitazama.

"Niite ulivyokuwa unaniita zamani. Sema."

Akaniletea kile kitambaa kutoka mezani, akanipa pembe yake nishike. Ndivyo alivyojifunza. Nikashika.

Kliniki tulikwenda, na kliniki ikatupeleka hospitali kubwa. Foleni ya hospitali za hapa huhitaji maelezo marefu, nami sitayatoa. Unafika alfajiri na blanketi, unakaa, jua linatoka, unakaa. Muuguzi mmoja aliangalia karatasi zangu za ukimbizi, akazigeuza nyuma na mbele kama mtu anayenunua kitambaa asichokiamini. "Gogo, mama wa mtoto yuko wapi?" Cape Town. "Baba?" Nikasema Durban, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kujibu. Akaniambia sina haki ya kutia saini ya upasuaji. Anatakiwa mama.

Kwa hiyo nilimpigia binti yangu, si Jumapili, Jumatano.

"Upasuaji? Mama, upasuaji wa nini? Si ulisema amechoka tu?"

"Nilisema uongo."

Nyuma yake nilisikia mashine za kukaushia nywele. "Tangu lini?"

"Tangu ulipomleta. Pua yake imefungwa. Hakuwa anamwita yule mwanamume wako. Alikuwa anaita mama na mimi sikusikia."

Binti yangu alilia. Kisha akauliza kitu ambacho nilikuwa nakiogopa. "Alikuwa ananiita mimi?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Ingekuwa zawadi. Lakini mimi ni mtu wa vipimo. "Sijui," nikamwambia. "Labda wewe, labda mimi. Tia saini."

Akaenda polisi kule, akaandika kiapo chenye mhuri, akampa dereva wa basi, nikakipokea mjini. Masikio walipoyapima walikuta maji nyuma ya ngoma. Daktari alisema mtoto alikuwa anasikia kama mtu aliyezama kwenye beseni. Miaka ile yote niliyosema hasikii, kumbe ni kweli hasikii.

Walimpasua mwezi wa nane. Walitoa nyama za nyuma ya pua na kumwekea vijibomba vidogo masikioni. Nilikaa koridoni na mkoba mapajani. Mtu mwenye familia hapo anakaa na watu wake wanakula chipsi. Nilikuwa na watu wangapi katika mji huu niliowashonea nguo za arusi na misiba, mamia, na hakuna aliyejua niko pale, maana sikumwambia mtu. Hiyo ni tabia yangu. Siombi.

Alipoamka nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Nikajiinamisha ili niwe wa kwanza. Muuguzi akapita upande wa pili, na mtoto akageuza kichwa kwake, akasema, kwa sauti ya kukwaruza lakini safi, "Amanzi." Maji, kwa Kizulu. M yake ilikuwa m. N yake ilikuwa n. Neno lake la kwanza zima duniani, na aliliambia joho la kijani.

"Sharp, baby," muuguzi akasema, yaani sawa, akampa kijiko cha maji.

Watu hudhani ukifungua pua mdomo unajifunga. Haujifungi. Mwili umeshajifunza. Mkenya alikuwa akija Jumamosi, anavua viatu, anakaa na mtoto sakafuni kati ya mabaki ya vitambaa. Alimfundisha kunywa kwa mrija. Alimfundisha kuweka maji mdomoni na kufumba midomo tu, asimeze, hadi mimi nimalize kushona upande mmoja wa mkono wa shati. Alimfundisha kupeleka ncha ya ulimi juu, nyuma ya meno, na kuiacha ikae hapo kama nyumbani. Kutafuna kulia, kutafuna kushoto, midomo imefumbwa.

Siku moja akaniuliza, "Mama, una kifungo kikubwa? Cha koti?"

Kumwuliza fundi kama ana kifungo! Nikammwagia kopo zima. Akachagua kimoja cha duara, kipana kama jicho la mbuzi, akakichemsha, akapitisha uzi mnene wa katani kwenye matundu na kuufunga. Kifungo kinakaa ndani ya midomo, mbele ya meno, uzi uko nje. Mtoto anafumba midomo, wewe unavuta uzi taratibu, yeye anakizuia kisitoke. Ndiyo mazoezi ya midomo. Na uzi usiuachie hata mara moja, akaniambia, usije ukamezwa pamoja na kifungo.

Nikamwambia, "Kanisani walisema ana kifungo, wakakemea kitoke. Wewe unakiingiza."

Alicheka hadi akalala chali juu ya vitambaa vyangu.

Tukavutana na kile kifungo kila siku, asubuhi na jioni, mimi na mjukuu wangu. Mwanzo kilitoka nikigusa tu. Mwezi wa kumi nilikuwa navuta kweli, yeye amekaza midomo na nyusi, na macho yanacheka. Sikumwomba tena aniite. Nilikuwa nasubiri tu. Nikivuta uzi nilikuwa nasubiri. Alisema maji, alisema nyama, alisema nipe, alisema sitaki. Alisema mimi, mara nyingi, kwa kuwa alikuwa na deni la miaka mitatu la neno hilo. Nikimwuliza nani anataka uji, alijibu, "Mimi!" na akala bakuli zima. Lakini mimi hakuniita jina lolote. Akinihitaji bado alivuta kitambaa.

Mwezi wa kumi na moja mwalimu akatuita. Mtoto akaingia ndani, mimi nikabaki nje ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Nikasikia anaulizwa jina. Akalitaja, sentensi nzima ya Kiingereza, my na name, m mbili na n moja, nikazihesabu kwa vidole. Akataja siku za juma. Akasimulia picha ya mbwa na mpira, kwa Kiingereza chenye Kizulu ndani, haraka kuliko nilivyoweza kufuata. S zake bado zilipita kati ya meno kidogo. Mwalimu alicheka mahali, naye akacheka. Nilikuwa nimesimama nimeegemea ukuta wa shule, na nilijua vitu viwili kwa pamoja. Kwamba amepita. Na kwamba lugha aliyopitia si yangu.

Mwalimu akatoka. "Gogo, she's ready," akasema, akanishika mikono yote miwili. Ile karatasi ya shule maalumu haikuandikwa. Hilo nalisema kwa kiburi, na nitalisema hata kaburini.

Binti yangu akaja mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa amepata chumba cha kwao wawili, na shule karibu. Tulikwenda kumpokea kituo cha mabasi mjini, mtoto amevaa gauni jekundu nililomshonea kwa masalio ya gauni la Mkenya. Basi likafungua mlango. Binti yangu akashuka, amenenepa kidogo, nywele za kisasa, akasimama akitafuta.

Nilikuwa nimemshika mtoto mkono. Akauvuta mkono wake taratibu, kama anavyovuta kitambaa, nikauachia. Na akaita.

"Mama!"

Ilikuwa safi. Fundi anajua mshono safi hata akiwa mbali. Ilianza midomo ikiwa imefumbwa, ikapita puani, ikatoka nzima, mara mbili ndani ya neno moja. Alikimbia nalo. Binti yangu akapiga magoti juu ya saruji ya kituo, mabegi yakaanguka.

Nikabaki na mkoba wangu. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Samahani, Mama, nipite," nikampisha.

Baada ya dakika wakanijia wameshikana. Mtoto akanionyesha kwa kidole, akamweleza mama yake, akisema kwa Kiswahili, kwa hisani kwangu, "Huyu bibi." Bibi yenye b ya kweli. Na ni sahihi. Mimi ni bibi yake, sikumzaa. Kama neno lile la kwanza lilikuwa langu, lilikuja nikiwa sina masikio, na likikataliwa mara nyingi neno nalo hutafuta mwenye kulipokea. Nikamwambia, "Ndiyo. Bibi." Tukatafuta teksi.

Waliondoka Januari.

Huwa wanapiga simu. Mtoto anaongea sasa, anaongea sana, Kiingereza kitupu, na mama yake anatafsiri katikati. Nasikiliza midomo yake zaidi ya maneno. Nasikia ikigusana. Nikikata simu, chumba kinakuwa kikubwa.

Sasa ni mwaka wa 2019, nina miaka sitini na mitatu. Hivi ndivyo vitu nilivyo navyo.

Cherehani mbili za umeme na moja ya kukanyaga. Mashine ya kufungia kingo za nguo. Meza ya kukatia, ya mbao ngumu. Mikasi minne, mmoja hauguswi na mtu. Pasi mbili. Kioo kirefu cha wateja. Benchi. Kitanda, godoro, mablanketi matatu. Friji ndogo. Jiko la umeme la sahani mbili. Sufuria tano. Redio. Biblia ambayo naisoma kwa shida. Karatasi za ukimbizi, bado hai. Funguo za milango miwili, mmoja Rosettenville, mmoja La Rochelle.

Mjukuu simwandiki hapa, maana mtu si mali. Yuko Cape Town, darasa la kwanza.